Mfamasia Atoke Dirishani: Mahali pa Mtaalamu wa Dawa Wakati wa Dharura



Mwulize mtu yeyote katika soko la Busia mfamasia ni nani, naye huenda akakujibu kuwa ni yule anayekaa nyuma ya dirisha la hospitali na kukabidhi vidonge katika bahasha ndogo. Jibu hilo si la uongo, ila ni pungufu, na upungufu wake una gharama. Dirisha lile limetuzoesha kudhani kuwa kazi ya mfamasia huanza daktari anapomaliza kuandika na huisha mgonjwa anapopokea bahasha. Kwa mgonjwa wa mafua, dhana hiyo haina madhara makubwa. Kwa majeruhi anayevuja damu, kwa mama mwenye kifafa cha mimba, au kwa mtoto aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu, dhana hiyo yaweza kuua. Wagonjwa wa namna hiyo hawaendi dirishani. Dawa ndiyo inayopaswa kuwaendea, na iwaendee pamoja na mtu anayeijua.

Hoja yangu leo ni moja. Kila hospitali inayopokea wagonjwa wa dharura katika eneo letu la mpakani inapaswa kumweka mfamasia ndani ya kikosi cha dharura, kwa zamu inayojulikana na kwa majukumu yaliyoandikwa. Nasi raia tunapaswa kuidai nafasi hiyo kama tunavyodai gari la wagonjwa.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno

Wewe unayejifunza Kiswahili, zingatia tofauti hizi. Famasia ni taaluma. Famasi ni mahali dawa zinapotolewa au kuuzwa. Mfamasia ni mtu aliyesomea taaluma hiyo chuo kikuu na kusajiliwa. Muuza duka la dawa si lazima awe mfamasia, na mtoa dawa wa kituo cha afya, ambaye ana mafunzo yake mwenyewe, naye ni kada nyingine. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya famasia mwaka 1988. Ni taaluma changa kwetu, na huenda ndiyo sababu wengi wetu tunamwita kila avaaye koti jeupe kwa jina moja la daktari.

Na kikosi cha dharura je? Hicho ni kundi la watu wanaoitwa kwa pamoja mgonjwa anapofikishwa akiwa kati ya uhai na mauti: daktari au tabibu, wauguzi, mtaalamu wa usingizi, mtu wa maabara. Kila mmoja huwa na kazi yake, wala hasubiri kuulizwa. Hicho nacho si kitu cha kale katika ukanda wetu. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua idara yake ya tiba ya dharura Januari 2010, nayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania. Kwa kuwa bado tunavijenga vikosi hivi, tunayo nafasi ya kuvijenga vizuri tangu msingi.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Buteba

Buteba yetu imo katika wilaya ya Busia, katika ukanda wenye malango mawili ya mpaka: Busia na Malaba. Malango hayo hupitisha sehemu kubwa ya shehena inayotoka bandari ya Mombasa kuja Uganda na kuendelea hadi Rwanda, Sudan Kusini na Kongo ya mashariki. Malori hayo hubeba saruji, ngano na mafuta ya petroli. Barabara inayotulisha ndiyo inayoweza kutuangamiza. Tarehe 17 Julai 2021, lori la mafuta lilipata ajali huko Malanga, kaunti ya Siaya, kwenye barabara ya Kisumu kuelekea Busia. Watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na watu wasiopungua 13 wakafariki. Miaka 12 kabla yake, Januari 2009, moto wa namna hiyo hiyo uliua watu zaidi ya 100 huko Sachangwan. Agosti 2019, msiba kama huo uliikumba Morogoro.

Waathiriwa wa moto huhitaji nini katika saa ya kwanza? Wanahitaji hewa, maji mwilini kwa kiasi kilichokokotolewa kulingana na uzito wa mtu na ukubwa wa jeraha, dawa ya kutuliza maumivu makali, na kinga ya pepopunda. Karibu yote hayo yamo ghalani, na mojawapo, yaani morfini, sheria inaagiza lifungiwe. Ikiwa majeruhi 20 wamefika saa nane usiku na mwenye ufunguo yuko nyumbani amezima simu, basi hospitali ina morfini kwenye daftari tu.

Barabara siyo hatari yetu ya pekee. Mashamba yetu hutumia viuatilifu, na si ajabu kuviona vimehifadhiwa katika chupa ya soda mahali ambapo mtoto anafika. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika wilaya yetu hutumia zebaki. Akina mama hujifungua usiku, umeme ukiwa umekatika. Kisha kuna maradhi yavukayo mipaka. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, malori yalisimama hapa mpakani katika misururu ya kilomita nyingi yakisubiri madereva wapimwe. Januari 2025, Uganda ilipotangaza mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan, ilibainika kuwa mgonjwa wa kwanza, muuguzi kutoka Kampala, alikuwa ametafuta matibabu hadi Mbale, mji ambao wagonjwa wetu mahututi hupelekwa.

Mlipuko huo wa 2025 ulitupa pia funzo jema. Mlipuko ulitangazwa tarehe 30 Januari. Tarehe 3 Februari majaribio ya chanjo yakaanza. Siku nne tu! Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa dozi za majaribio zilikuwa zimekwisha hifadhiwa nchini, zikitunzwa katika baridi inayotakiwa. Akiba hujibu dharura kabla ya king'ora kulia, na utunzaji wa akiba ya dawa ndio moyo wa kazi ya famasia.

Mfamasia atafanya nini pale kitandani?

Wapo watakaouliza: daktari yupo, muuguzi yupo, mfamasia ataongeza nini zaidi ya kujaza chumba? Ataongeza mambo manne.

La kwanza ni maandalizi. Kila chumba cha dharura huwa na toroli au kabati lenye dawa za kuokoa maisha. Dawa hizo huisha muda, huazimwa wodi nyingine, husahauliwa. Oksitosini, inayozuia mama asitokwe damu nyingi baada ya kujifungua, hutakiwa kukaa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Jokofu likizima kwa muda mrefu, ampuli itabaki na rangi ile ile na lebo ile ile, lakini nguvu yake itakuwa imepungua, na mama ndiye atakayelipa tofauti hiyo. Kujua hilo na kulizuia si kazi ya kubahatisha.

La pili ni hesabu. Chukua mfano wa magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Ampuli zetu za kawaida huwa na nguvu ya asilimia 50, lakini dawa inayoingizwa mshipani yapasa iwe ya asilimia 20. Kwa hiyo, ili kupata gramu 4, mtu huvuta mililita 8 za dawa na kuongeza mililita 12 za maji ya sindano, zikawa 20. Hesabu hii ni nyepesi kwako wewe uliyekaa na kitabu. Ifanye sasa mama akiwa anatetemeka mbele yako, ndugu zake wakilia mlangoni, na mkono wako mmoja umeshika taa. Au chukua adrenalini: dawa ni moja, lakini kwa aliyeumwa na nyuki akavimba koo hudungwa msulini kwa kiasi kimoja, na kwa ambaye moyo wake umesimama huingizwa mshipani kwa kiasi kingine. Anayekandamiza kifua cha mgonjwa mara 100 hadi 120 kwa dakika hawezi kukokotoa wakati huo huo. Muuguzi anayetafuta mshipa naye hawezi. Anahitajika mtu ambaye kazi yake pekee ni dawa: aichanganye, aiandike jina, aihakiki na kuikabidhi.

La tatu ni kuona mbali. Aliyepata sumu ya viuatilifu hutibiwa kwa atropini, na dozi hurudiwa kila dakika chache, ikiongezwa maradufu mpaka mapafu yakauke. Mgonjwa mmoja anaweza kumaliza makumi ya ampuli kwa usiku mmoja. Daktari humtazama mgonjwa. Mfamasia humtazama mgonjwa na boksi. Zikibaki ampuli kumi, yeye ndiye anayepiga simu hospitali jirani kabla hazijawa mbili. Kumbuka kuwa Bohari ya Taifa ya Dawa ya Uganda hupeleka dawa katika vituo vya umma kila baada ya miezi miwili. Ajali haiifuati ratiba hiyo.

La nne ni kumbukumbu. Kikosi kikishamaliza kazi, lazima ijulikane ni dawa gani ilitolewa, kiasi gani, saa ngapi. Mgonjwa akihamishiwa Tororo au Mbale bila karatasi hiyo, wenzetu wa huko huanza safari gizani, na wanaweza kumrudishia dozi aliyokwisha kuipata.

Dawa ni kisu chenye makali pande mbili

Labda bado unaona kuwa hofu ya kukosea kipimo imetiwa chumvi. Basi sikiliza habari ya maji ya chumvi yenyewe. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, Mbale ikiwa mojawapo. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu walishirikishwa. Baadhi yao waliongezwa maji mengi kwa haraka mshipani, kama ilivyoaminika kuwa ndivyo sahihi. Wengine hawakupewa maji hayo ya haraka. Baada ya saa 48, kati ya waliopewa walikuwa wamefariki karibu 11 katika kila 100, na kati ya wasiopewa walikuwa wamefariki takriban 7. Kile tunachokiita dripu, ambacho wazazi wengi hukidai kwa sauti kubwa, kilikuwa kimeongeza vifo.

Sisemi kwamba mfamasia angeligundua hilo peke yake. Nasema kwamba hakuna kinachoingia mshipani kisichostahili kuulizwa swali, na kikosi kinahitaji mtu ambaye kuuliza swali hilo ni wajibu wake.

Kwingineko duniani, jambo hili limepimwa. Mwaka 1999 watafiti wa hospitali moja kubwa ya Boston, Marekani, walieleza kilichotokea mfamasia alipoungana na madaktari katika wodi ya wagonjwa mahututi: madhara yaliyotokana na makosa ya kuagiza dawa, na ambayo yangeweza kuepukwa, yalipungua kwa asilimia 66. Mwaka huo huo, uchunguzi mwingine uliohusu zaidi ya hospitali 1,000 za Marekani ulionyesha kuwa zile zilizowashirikisha wafamasia katika vikosi vya kufufua wagonjwa zilikuwa na vifo vichache zaidi. Uchunguzi huu wa pili hauthibitishi kuwa mfamasia ndiye aliyeleta tofauti. Yamkini hospitali hizo zilikuwa bora kwa mengi mengine. Hata hivyo, ukiisoma taarifa hiyo pamoja na ile ya kwanza, ni vigumu kuendelea kusema kwamba mahali pake ni dirishani tu.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi kubwa, nalo ni la haki, ni kwamba wafamasia ni wachache. Wengi wamejazana Kampala na miji mikubwa. Vituo vya afya vya vijijini kwa kawaida hawamo kabisa. Na hospitali ya wilaya ikiwa naye, mara nyingi huwa mmoja. Je, mtu mmoja atakaa dirishani, ghalani na kitandani kwa wakati mmoja?

Hataweza, wala sidai aweze. Uchache wake ni sababu ya kumpangia kazi kwa busara, si sababu ya kumfungia mahali ambapo ujuzi wake hutumika kidogo kuliko pote. Kuhesabu vidonge na kuvitia katika bahasha kunaweza kufanywa na mtoa dawa chini ya uangalizi. Kukagua toroli ya dharura kila juma, kuandika jedwali la vipimo kulingana na uzito wa mtoto na kulibandika ukutani, kuwafundisha wauguzi wa zamu ya usiku, kupanga nani ashike ufunguo na nani awe wa akiba: hayo ndiyo yanayohitaji mfamasia. Akishayafanya mchana, ujuzi wake utakuwepo kitandani hata usiku ambao mwenyewe amelala. Na msiba mkubwa ukitokea, jina lake liwe kwenye orodha ya wanaopigiwa simu mwanzo, si kesho yake asubuhi.

Pingamizi la pili husema kwamba kuongeza mtu katika chumba ni kuongeza kelele. Kweli, mtu asiye na kazi maalumu ni kelele. Ndiyo maana nilisema majukumu yaandikwe na mazoezi yafanywe. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hata vidole vitano havitamvunja vikigombana.

Namba, sauti na lugha

Hapa naomba niingie uwanja wangu wa ualimu. Maagizo ya dharura hayaandikwi. Husemwa kwa sauti, katikati ya vilio. Katika Kiingereza, 15 na 50 hukaribiana mno masikioni, na mkanganyiko huo ni hatari. Kiswahili kimetuhurumia hapo: hakuna atakayesikia "kumi na tano" akadhani ni "hamsini". Lakini Kiswahili nacho kina mtego wake. Sema "sitini", kisha sema "tisini", haraka, mlangoni mwa chumba chenye kelele. Umesikia? Tofauti ya 60 na 90 imening'inia kwenye silabi mbili zilizobadilishana nafasi. Vivyo hivyo "miligramu" na "mililita" huanza kwa mlio mmoja, ilhali moja hupima uzito wa dawa na nyingine hupima ujazo wa kimiminika.

Dawa ya mtego huo ni rahisi: namba itamkwe tarakimu kwa tarakimu, "sita, sifuri", na anayepokea agizo alirudie lote kwa sauti kabla ya kutenda. Katika hospitali ya mpakani, daktari anaweza kuwa Mganda, muuguzi akawa Mteso, dereva aliyeletwa akawa Mkenya au Mkongo. Kiswahili ndicho mara nyingi kitakachomwuliza dereva huyo, "Je, kuna dawa inayokudhuru? Leo umekunywa dawa gani?" Kuuliza hivyo, na kulielewa jibu, ni kazi ya mfamasia. Nawe unayejifunza lugha hii, ujue kwamba huijifunzii mtihani peke yake.

Wajibu wetu sisi raia

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 haina sentensi ya namna hiyo. Inaiagiza serikali, katika malengo yake ya kitaifa, ichukue hatua zote zinazowezekana kuhakikisha wananchi wanapata huduma za msingi za tiba. Hata hivyo, Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kuwa serikali ilipoacha kutoa huduma za msingi za uzazi, zikiwemo za dharura, ilikiuka haki ya uhai na haki ya afya. Kesi hiyo ilifunguliwa mwaka 2011, kufuatia vifo vya akina mama wakati wa kujifungua. Mahakama haikuletewa haki hiyo na upepo. Raia waliidai kwa miaka tisa.

Nasi tuna pa kuanzia ambapo hapahitaji wakili. Baraza la wilaya hukaa. Kamati za usimamizi wa vituo vya afya zina wajumbe kutoka vijiji vyetu. Wagombea hutujia kila uchaguzi. Badala ya kuuliza tu "Mbona hakuna dawa?", tuulize maswali yanayojibika. Toroli ya dharura ilikaguliwa lini mara ya mwisho? Ufunguo wa kabati la morfini uko kwa nani usiku wa leo? Jokofu la oksitosini linategemea nini umeme ukikatika? Na je, mfamasia yumo katika kikosi cha dharura, au yumo dirishani tu? Anayeulizwa maswali hayo mbele ya watu atalazimika kwenda kutafuta majibu, na katika kuyatafuta ataona mapengo kabla maiti haijamwonyesha.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wetu tunauona kila siku: ni kijidirisha chenye vyuma, na nyuma yake mtaalamu ambaye hatujamwita.

Maswali ya mjadala

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya famasia, famasi na mfamasia. Tunga sentensi moja kwa kila neno.
2. Mwandishi anadai kwamba uchache wa wafamasia si sababu ya kuwaacha nje ya kikosi cha dharura. Je, unakubaliana naye? Toa hoja mbili.
3. Andika barua rasmi kwa mwenyekiti wa kamati ya kituo cha afya cha karibu nawe, ukiuliza maswali matatu kuhusu matayarisho ya dawa za dharura.